Kwa waongozaji wapya wa Bagamoyo

Swali la kwanza mtakaloulizwa ni maana ya jina la mji. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na jibu moja tu: bwaga moyo, mtumwa anauacha moyo wake hapa kwa sababu kwao harudi tena. Wageni walifuta machozi, bahashishi ikanona. Siku moja pale Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, mzee mmoja wa Tabora akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema taratibu: “Mwanangu, babu yake baba alifika hapa na pembe ya ndovu begani. Akalipwa kitambaa cha merikani, akarudi kwao kuoa.”

Nilikosa la kusema. Nilipoanza kusoma nikakuta kweli: wapagazi kwa maelfu, Wanyamwezi wengi, walishuka pwani hii kwa ujira wa vitambaa na shanga. Kwao kubwaga moyo ni kutua mzigo na kupumua. Watumwa nao walipita, hilo halifutiki. Siku hizi nasimulia maana zote mbili, kisha namuuliza mgeni: anayesema hivyo ni nani, na amebeba nini?

Tarehe karirini tu, hazina ugumu: misheni ya Wakatoliki kuanzishwa 1868, mwili wa mpelelezi Livingstone kupitishwa hapa 1874. Kazi iko kwenye “kwa nini”. Mgeni atashangaa: mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani, mbona umepoa hivi? Usimjibu “ndiyo maisha”. Mpeleke ufukweni maji yakipwa, hasa siku za bamvua. Ataona mashua zimelala ubavu kwenye mchanga na wavuvi wakitembea kwa miguu kuifuata bahari. Jahazi haligombani na ufuo wa namna hii, linasubiri maji yajae. Meli ya moshi inataka kina, na kina kilikuwa Dar es Salaam. Makao yakahamia huko mwaka 1891. Msiishie hapo lakini. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, vya 1888 na 1889, vilikuwa vimeuvuruga mji, na reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, njia ya wapagazi ikaanza kukosa kazi. (Mimi mwenyewe nilichelewa kuielewa hiyo reli, nilidhani ni habari za Morogoro.)

Basi vijana wakianza kubishana kijiweni juu ya bandari kubwa iliyopangwa hapa jirani Mbegani, itajengwa, haijengwi, mimi huuliza kwanza habari ya kina cha maji. Wamenibatiza Mzee Kina.