Re: Mbinu nne za uchapaji wa sanaa kwa wiki 14, bila mashine
Habari mwalimu. Umeuliza uanze na mbinu ipi kati ya nne, na huna mashine ya kuchapia. Kwanza kagua wino: ukitandazwa kwa rola usikike ukichachatika. Uking'aa kama umelowa, umezidi, utaziba mistari.

Monoprinti (chapa moja tu ya picha iliyochorwa kwa wino juu ya bamba laini) wiki 2, wanafunzi wazoee rola. Kolagrafu (chapa ya bamba la vitu vilivyobandikwa) wiki 3: kadibodi iliyogandishwa uzi na vitambaa ipakwe vanishi pande zote, ikauke siku nzima, la sivyo itanyonya wino. Lino (kuchonga picha kwenye kipande cha linoliamu kwa patasi) ipe wiki 5, ndiyo yenye kazi. Ikiwa ngumu ianike juani kidogo, herufi zichorwe kinyume, na mkono usioshika patasi ubaki nyuma ya ncha. Skrini (kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu kilichowambwa kwenye fremu) wiki 4 za mwisho. Kwa zile tatu za kwanza, kusugulia karatasi badala ya mashine, mgongo wa kijiko cha mbao unatosha.