Mkojo unaotuama na mawe ya figo

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mawe yanakurudia katika vikombe vya chini (vijifuko vya ndani vinavyopokea mkojo) vya figo lilelile, ingawa unakunywa maji mengi mchana. Wingi wa maji ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni mwendo wa mkojo. Chumvi kama kalsiamu oksaleti huganda kuwa chembe ndogo, ambazo kwa kawaida husukumwa na mkojo hadi kwenye kibofu kabla hazijakua, lakini pale mkojo unapotuama, hasa katika vikombe vya chini ambako hulazimika kupanda ili utoke, chembe hizo hubaki, hushikana na hatimaye huwa jiwe.

Mimi nilisaidika kwa kugawanya maji siku nzima, pamoja na bilauri moja kabla ya kulala, kwa kuwa mkojo wa usiku huwa mzito. Lengo ni kutoa mkojo wa lita 2.5 hivi kwa siku. (Mwenye ugonjwa wa moyo au figo dhaifu asiongeze maji bila idhini ya daktari.)

Kwa kuwa tatizo liko upande mmoja tu, mwombe daktari wa mfumo wa mkojo achunguze kama njia imebana. Ukipata homa pamoja na maumivu ya ubavu, au mkojo ukikatika, nenda hospitali mara moja.