Re: (x³ − 7x + 6) ÷ (x − 2), kwa nini napata baki −4?

Mdogo wangu wa Uyole, umepata x² − 5 baki −4, na kosa liko mstari wa kwanza kabisa. Juu hakuna x², nawe hukuiachia nafasi. Andika x³ + 0x² − 7x + 6. Ile sifuri ni kama tuta tupu katikati ya shamba la viazi: halina mbegu, lakini ukiliruka mistari yote inahama. Wewe ulitoa −2x² kwenye −7x, ndipo ikatokea −5x.

Sasa gawanya upya. x³ kwa x ni x². Zidisha: x³ − 2x². Kutoa −2x² ni kuongeza, hivyo 0x² inakuwa 2x². Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo zungushia mabano mstari wote unaoutoa. Shusha −7x. 2x² kwa x ni 2x. Zidisha upate 2x² − 4x, toa, inabaki −3x. Shusha 6, gawanya tena upate −3, baki 0.

Jibu ni x² + 2x − 3, yaani (x + 3)(x − 1), kwa sharti x ≠ 2. Sharti hilo usiliache, maana asili ya sehemu, yaani x − 2 iliyo chini, haiwezi kuwa sifuri.

Hakiki kwa x = 3: sehemu ya mwanzo inatoa 12 ÷ 1, jibu linatoa 9 + 6 − 3 = 12. Tena, kabla ya kugawanya weka x = 2 kwenye kiasi, yaani x³ − 7x + 6 iliyo juu, na thamani utakayopata ndiyo baki: 8 − 14 + 6 = 0, kwa hiyo baki lolote lisilo sifuri ni kosa lako la mkono.