Jibu: Je, Kimvita ni Kiswahili "safi" zaidi?

Ndugu, umeuliza kwa nini wakwe zako wa Kibokoni, Mombasa, wanakucheka ukinena, na kama kweli Kimvita, lahaja yao ya Mombasa, ni bora kuliko Kiswahili chako cha bara.

Bora, la. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na alichojifunza kwanza ni Kimvita. Kama mambo yangekwenda hivyo, leo shuleni tungesoma "mato" na "ndia" badala ya macho na njia. Lakini mkutano wa 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, ulichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Watu wa Mombasa, wenye mshairi wao Muyaka, wakaachwa kando. Majivuno unayoyasikia yana kidonda ndani yake, tena kuna na majivuno ya ukoo: nani ni wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, nani ni wa kuja.

Usijaribu kuwaiga, utachekwa maradufu. Wageni hugeuza kila "ch" kuwa "t". Ni kweli mchele ni mtele na mchanga ni mtanga, lakini "ch" ya ngeli ya ki-vi haiguswi: chakula, choo na chombo hubaki vivyo hivyo. Ukiomba "takula" umekwisha.

Kinachowachekesha hasa si lafudhi, ni upatanisho. Acha "kitu yangu" na "viatu zangu". Sema kitu changu, viatu vyangu. Anza na hizo ki-vi, kisha ji-ma. Na ukiingia, toa salamu kwa wazee kwanza, usiulize la haja yako mpaka wamalize kukujulia hali. Mwenye haraka huitwa mshamba hata akiwa na Kiswahili cha kitabuni.