Fizi zikitoa damu, usiache kupiga mswaki

Pole dada. Unasema fizi zinatoa damu ukipiga mswaki, kwa hiyo sehemu hiyo unairuka, na meno yako yana rangi ya kahawia. Kuiruka ndiko kunakokuza tatizo: utando, yaani uchafu laini wenye bakteria, ukibaki shingoni mwa jino hugeuka ugaga mgumu, na mswaki hauuondoi tena.

Chukua mswaki laini, uulaze kidogo kuelekea kwenye fizi, sugua taratibu dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Katikati ya meno pitisha uzi wa kusafishia meno. Maji ya chumvi yanatuliza tu, hayatibu.

Hiyo rangi ya kahawia uliyoitaja, kwa maji yetu ya Arusha, huenda ni floridi, madini yaliyozidi kwenye maji ya kunywa. Tafadhali usiisugue kwa mkaa.

Damu ikiendelea wiki 2, daktari wa meno akukwangue ugaga. Ukiona usaha au jino linalegea, au una kisukari, usisubiri. Uso ukivimba na homa, nenda leo.