Weka msasa chini, lisome kwanza

Ndugu uliyeuliza kama ulipige msasa gobore la kijeshi ulilorithi mpaka ling'ae: usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na hadi leo linaniuma.

Silaha yangu ya kwanza ilikuwa Enfield, bunduki ya Kiingereza ya muundo wa 1853, ya kushindilia baruti mdomoni, aina waliyokuwa nayo Waingereza katika vita vya Crimea. Bamba la mtambo, yaani bati la chuma la ubavuni lenye nyundo ya kufyatulia, lilikuwa jeusi-kahawia, nami nikadhani ni uchafu. Nililisugua jioni mbili likang'aa kama kijiko. Nikampelekea mzee mmoja aliyekusanya silaha hizi maisha yake yote. Akaliinamisha kwenye mwanga, akapitisha ukucha nyuma ya nyundo, akaniuliza, "Mwanangu, taji la malkia liko wapi?" Halikuwepo tena. Mbele ya nyundo, kwenye mwaka, ilisomeka 18 tu. Tarakimu mbili za mwisho nilikuwa nimezila kwa msasa.

Lakini kabla ya yote, hakikisha halina kitu ndani. Magobore mengi yaliwekwa yakiwa yameshindiliwa, na baruti ikibaki kavu hudumu miaka na miaka. Elekeza mtutu pasipo na mtu, usikae mbele ya mdomo wake. Ingiza kijiti cha mbao taratibu hadi kigote, kitie alama pale mdomoni, kisha kilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Kikifika karibu kabisa na pale fataki inapokaa, ni tupu. Kikiishia mbali, kuna kitu: usichokonoe, muite fundi wa silaha.

Baada ya hapo chukua tochi na kikuza, usome. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza; mishale miwili iliyogusana ncha maana yake iliuzwa nje ya jeshi. Ukikuta nyuma ya mtutu kuna mlango unaofunguka kwa ubavu, huenda hiyo ni Snider, yaani Enfield kama yangu iliyogeuzwa kuanzia 1866 ili ijazwe kwa nyuma. Kwenye Mosin, bunduki ya kijeshi ya Urusi, herufi SA ndani ya kisanduku zinasema ilipita mikononi mwa jeshi la Finland. Historia yote hiyo imo kwenye ngozi ya juu ya chuma, nyembamba kama karatasi.

Kutu ya rangi ya chungwa inayoacha unga kidoleni ndiyo inayokula. Ilainishe kwa mafuta mepesi, uifute kwa kitambaa, urudie kwa siku kadhaa. Ile ya kahawia iliyotulia iache. Kitako nacho usikirande, kwani mihuri ya wakaguzi imegongwa kwenye mbao.

Kuhusu kibali, ulizia sheria ya nchi yako kabla hujalihamisha. Sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale, lakini kwingine mpaka ni tofauti kabisa.

Piga picha bamba la mtambo, mwanga ukitoka ubavuni, uweke hapa tulisome pamoja.