Wasomaji Wanauliza: Wi-Fi ya dukani, Windows 10 na namba za SMS

SWALI: Nina duka la steshenari mjini Morogoro. Bando la ofisi halifiki mwisho wa mwezi. Nimebadili nywila ya Wi-Fi mara 2, tena ndefu yenye alama, lakini baada ya siku chache naona simu nisizozijua kwenye orodha ya ruta. Wanaingiaje?

JIBU: Usimshuku kijana wa kaunta kwanza. Igeuze ruta utazame chini. Kwenye ile stika, karibu na nywila ya Wi-Fi, mara nyingi kuna tarakimu 8 zilizoandikwa WPS PIN. Huo ni mlango wa pili, na kubadili nywila hakuugusi.

WPS iliwekwa ili mtu aunganishe kifaa bila kuandika nywila ndefu. Ukitazama haraka, tarakimu 8 ni michanganyiko milioni 100. Lakini Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua PIN kwa vipande viwili, na hukiri kuwa kipande cha kwanza ni sahihi kabla ya kuona cha pili. Tarakimu 4 za mwanzo ni majaribio 10,000. Za mwisho zinabaki 3 tu za kubahatisha, kwa kuwa ya 8 hukokotolewa kutokana na zile 7, basi ni majaribio 1,000. Jumla 11,000. Kila jaribio likichukua sekunde 3, kompyuta mpakato iliyo chumba cha jirani inayamaliza yote kwa saa 9 na ushee. PIN ikipatikana, ruta yenyewe inamkabidhi mgeni nywila, hata iwe na herufi 60. Ruta nyingi mpya hujifunga baada ya majaribio machache mabaya, lakini mteja aliyepiga picha stika akisubiri fotokopi hana haja ya kubahatisha.

Unganisha kompyuta kwa waya, fungua Command Prompt, andika ipconfig. Anwani iliyo mbele ya Default Gateway, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, iandike kwenye kivinjari. Kama unaingia kwa admin na admin, anzia hapo: badili nywila ya ukurasa huo, maana yeyote aliyemo kwenye Wi-Fi anaweza kuufungua kama wewe. Kisha zima WPS. Ruta yenye bendi mbili mara nyingi ina swichi mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, na ni rahisi kuzima moja ukadhani umemaliza. Zima Remote Management (kuisimamia ruta kutoka nje kupitia intaneti), weka programu mpya ya ruta kutoka kwa mtengenezaji, halafu kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA3, au WPA2 yenye AES pale printa ya zamani inapokataa kuunganika. TKIP, usimbaji wa zamani ulio dhaifu, usiichague kabisa. Nywila ya Wi-Fi ibadili mwisho. Ukiibadili wakati WPS ingali wazi, mgeni anaichukua na hiyo mpya.

Hakikisha kwa programu ya simu inayopima mitandao ya Wi-Fi: neno WPS lisionekane tena kando ya jina la mtandao wako. Baadhi ya ruta za zamani huendelea kujibu hata baada ya kuzimwa. Hizo dawa yake ni kununua nyingine. Na ukiirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, rudia yote, maana huenda WPS ikawaka tena.

Jambo moja kabla hujagombana na mtu. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujipa anwani ya MAC (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) ya bandia kwa kila mtandao, kwa hiyo simu usiyoijua yaweza kuwa yako mwenyewe. Zima vifaa vyako kimoja kimoja uone kipi kinatoka kwenye orodha. Wateja wafungulie mtandao wa wageni, ila ujue printa ya ofisi kwa kawaida haitaonekana kutoka huko.

SWALI: Maabara yetu ya shule huko Nakuru ina kompyuta 12 za Windows 10, prosesa i5 kizazi cha 6, RAM GB 8. Zinafanya kazi vizuri. Ni lazima tununue nyingine?

JIBU: La, ila msiziache zilivyo. Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki, lakini tundu la usalama linalogunduliwa leo linabaki wazi. Mwaka 2017 marekebisho ya tundu lililotumiwa na WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, yalitoka 14 Machi. Shambulio likaja 12 Mei, likaruka lenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia poti 445, mlango ambao Windows hutumia kushirikisha mafaili. Kompyuta 12 kwenye swichi moja ndiyo njia linayoipenda.

Windows 11 inaanzia Intel kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mbinu za kuukwepa ukaguzi huo zipo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, basi mnarudi palepale. Shule zina nafasi ya kulipia masasisho ya ziada, dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, toleo la Windows 10 likiwa 22H2. La sivyo wekeni Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Iwasheni kwanza kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila kugusa diski, mjaribu Wi-Fi, sauti na printa; kama kuna kifaa kisichokubali, mtakiona hapo. Kama bado zina diski za kuzunguka, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

SWALI: Namba za kuthibitisha zinazotumwa kwa SMS wakati wa kuingia zinatosha kulinda barua pepe ya biashara?

JIBU: Zinazidi nywila peke yake. Lakini tapeli akifanikiwa kuirenew laini yako, SMS zote zinakwenda kwake. Dalili ni simu yako kupoteza mtandao ghafla huku za jirani zinashika. Tumia programu inayotoa namba mpya kila sekunde 30, saa ya simu ikiwa kwenye mpangilio wa kujirekebisha, la sivyo namba zitakataliwa. Namba za akiba, zile unazopewa za kuingilia simu ikipotea, ziandike kwenye karatasi. Kisha ondoa laini yako kwenye njia za kurejesha akaunti. Ikibaki huko, tapeli atabonyeza "nimesahau nywila" na kuingia kwa SMS ileile.